Mstari Mweupe wa Newala

Masasi, Misheni
14 Agosti 1955

Mjomba mwenzangu Filemoni, Baba Dominika,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwako, kwa mkeo Mama Dominika, na kwa ukoo wenu wote tangu wenye mvi hadi wanaonyonya, kwamba siku ya Jumanne, baada ya kengele ya asubuhi ambayo niliipiga kwa mkono wangu, msumari mmoja wa inchi tatu ulipigwa katika ukuta wa sebule yangu. Ulipinda. Ukanyooshwa kwa jiwe. Ukapigwa tena ukaingia, na udongo ulioanguka ni kidogo tu. Walioshuhudia ni mimi, mpwa wangu Ethel, na kuku mmoja aliyekuwa akitafuta njia ya jikoni.

Basi picha yenu imetundikwa. Sasa tuzungumze.

Mwezi wa sita nilikuuliza jambo moja. Dastani, mpwa wako, mwalimu, kijana mwenye viatu, anamtaka Ethel, binti wa marehemu dada yangu Isabela. Sawa. Wewe ni mjomba wa mume, mimi ni mjomba wa mke, neno ni letu. Baba zao watakuja kula wali. Kwa desturi mume ndiye anayehamia kwa mke, lakini Dastani ni mtu wa kupangiwa kituo, na kituo chake ni Newala, kwa hiyo safari hii mwanamke ndiye atakayepanda. Hapo ndipo nilipouliza: Je, huko juu kuna maji? Sikuuliza kama kuna upepo. Habari za upepo wenu zinafika hapa bila kuulizwa.

Ukanijibu kwa picha.

Dastani ameileta kwa baiskeli, imeviringishwa ndani ya mwanzi kama mkeka wa mtoto. Akanieleza kwamba aliyeitengeneza ni Misi Holroyd, yule mwalimu Mwingereza aliyekaa kwenu kiangazi cha mwaka jana. Kwamba aliichonga kwenye ubao, akaupaka ubao wino, akaukandamizia karatasi. Na kwamba hicho ni kijiji chenu juu ya kilima chenu. Nimeitazama nikiwa nimekaa. Nimeitazama nikiwa nimesimama. Nimeazima miwani ya Padri, nikaitazama tena, nikaumwa kichwa.

Yote ni nyeusi na nyeupe. Nyumba zimeegemeana kama watu wanaorudi kutoka kwenye pombe. Jua lina meno. Miti ni vitana. Kilima kimesimama wima kama mkate uliokatwa, na katikati, tangu chini kabisa hadi juu kabisa, umepita mstari mweupe unaokatiza nyumba mbili na kwenda kuligusa jua. Mwanamke hayumo. Debe halimo. Mtungi haumo. Nilipomwuliza Dastani, "Maji yako wapi hapa?" alijibu, "Mjomba, picha za kisasa hazionyeshi, zinadokeza." Na huyo ndiye anayefundisha hesabu.

Naomba jibu lisilodokeza. Tangazo la ndoa husomwa Jumapili tatu, na wakati wa Majilio hapa hatufungi ndoa. Likizo ya Dastani unaijua. Ukichelewa, kijana atangoja mwaka mwingine, na mimi sitakuwa nimemzuia. Utakuwa umemzuia wewe.

Ni mimi,
Cecil, mpiga kengele


Newala
27 Agosti 1955

Kwa Cecil, Baba Cuthbert,

Shikamoo, kwa kuwa ulinitangulia kuzaliwa, ingawa katika barua yako sikuuona huo utu uzima.

Tumekupa kitu ambacho hata Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, hana ukutani kwake, nawe unatuandikia habari za kuku. Misi alipiga chapa tatu tu za picha hiyo. Moja alichukua mwenyewe, moja ilikwenda Ulaya, ya tatu alimpa Dastani kwa sababu ndiye aliyembebea kiti kila siku hadi ukingoni. Dastani angeweza kuitundika kwake. Akasema, "Hapana, iende kwa mjomba wa Ethel, aone mahali mpwa wake atakapokaa." Hiyo ndiyo heshima uliyoipigia msumari uliopinda.

Unauliza maji. Maji umetundikiwa ukutani! Mwaka jana wapimaji walipita huku na vigingi vyeupe. Walichungulia bondeni kwa darubini ya miguu mitatu, wakasema maji yatapandishwa kwa mashine kutoka chini mpaka juu. Vigingi vingine bado vipo. Vingine tumefungia mbuzi. Na mwaka huohuo Misi akakaa palepale akachonga. Mstari ule mweupe ni nini basi? Ni bomba. Linaanzia bondeni, linapanda, linaingia kijijini. Linagusa jua kwa sababu tangi litakaa juu. Wazungu wanajua mambo ya wenzao kabla hayajafika.

Wala si mimi peke yangu niliyeona hivyo. Kabla ya kuituma niliizungusha nyumba kwa nyumba. Vitalis, yule mchonga vinyago, aliishika muda mrefu, akasema, "Huyu mama ni mtu wa ajabu. Alichokichonga ndicho cheupe, na cheusi chote hakukigusa." Kisha akaweka kidole kwenye nyumba kubwa, akasema ni yake. Nikolao jirani yake akasema, "Yako tangu lini ina milango miwili?" Wakaanza. Sasa hawasalimiani, na korosho za mpakani kwao zinaanguka hakuna anayeziokota. Mtu hagombani kwa ajili ya picha isiyo ya kweli.

Maji yanakuja. Mwambie Padri aandae tangazo.

Wako,
Filemoni


Masasi
6 Septemba 1955

Baba Dominika,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, nikidhani labda jibu litatokea mdomoni. Halikutokea.

Nimekwenda tena mbele ya hilo bomba lako. Chini ni jembamba kama uzi wa kushonea, juu ni pana kama kamba ya ng'ombe. Nieleze, Baba Dominika, ni maji gani yanayoongezeka yakipanda? Linapita katikati ya nyumba mbili. Kama nyumba kubwa ni ya Vitalis, bomba limemkatia kitanda. Kama ni ya Nikolao, limepita jikoni na kutokea paani. Hao wapimaji wenu walikuwa na ugomvi na nani?

Nisije nikaambiwa kwamba nina ubishi, nimewaita wengine waitazame. Bartholomayo, fundi cherehani, alisema, "Huu ni mshono umefumuka," akauliza atengenezewe nini. Benedikto, mwalimu wa katekisimu, alisema ni ile njia nyembamba iendayo uzimani. Nikamwambia hii juu ni pana. Akasema basi ni ile nyingine, akaondoka upesi. Bibiana, anayeuza vitumbua, aliitazama huku amefunga jicho moja, akasema, "Mgongo wa mume wangu akiwa hataki kuamka." Huyo nilimwona amesema kweli kuliko wote, maana angalau anamfahamu anayemsema.

Ethel peke yake sikumwita. Nilimkuta amesimama mbele ya picha na debe tupu mkononi. Nikamwambia, "Nawe unaona bomba?" Akasema, "Silioni bomba, mjomba," akaenda kisimani.

Sasa nauliza kwa mara ya tatu, na mwandiko nimeukuza ili hata lori likitikisika njiani herufi zisimwagike. LEO, mke wa Dastani akiamka na kiu, maji atayapata wapi? Si yatakayokuja. Yaliyopo.

Cecil


Newala
18 Septemba 1955

Baba Cuthbert,

Shikamoo tena, ya mwisho.

Naomba nami nikuulize. Picha umeitundika ukuta upi? Kama ni ukuta wa jikoni, moshi umekwisha kuiharibu, ndiyo maana waona migongo ya waume za watu. Picha ya namna hii haitazamwi kama anayetafuta chawa. Unasimama mbali. Dastani amenieleza: nyumba hazikuegemea, zimeegemezwa. Jua halina meno, lina ukali. Mimi nilipoelezwa nilielewa palepale, na shule nilisoma hadi darasa la pili tu.

Hapa nimechoka. Kila jioni watu wananiuliza, "Masasi wamesema nini?" Nasema wanatazama. "Bado wanatazama?" Bado. Vitalis sasa amechonga kinyago cha mzee mwenye miwani miwili anayetazama kiganja chake. Sijamwuliza ni nani.

Nikwambie neno lingine. Dastani hakosi pa kuoa. Wazee wa Kitangari wamekwisha kuniuliza habari zake, na Kitangari kuna mabinti wazuri, wacha Mungu, wanaochota bondeni kwao wala hawasumbui mtu.

Kama huamini bomba, mwulize aliyelichonga. Misi Holroyd sasa anafundisha Lindi. Kiswahili anakijua kuliko wewe. Akisema ni bomba, utasoma tangazo?

Filemoni


Masasi
25 Septemba 1955

Kwa Misi Holroyd, Lindi,

Salamu katika Bwana.

Hunijui. Mimi ni mpiga kengele hapa Masasi na mtunza mavazi ya kanisa, na ukutani kwangu ipo picha yako ya kilima cha Newala, niliyoletewa kwa sababu za posa. Watu wengi wameitazama na hakuna aliyekufa.

Naomba unijulishe jambo moja tu. Mstari mweupe unaopanda katikati, tangu chini hadi kwenye jua, ni kitu gani? Wazee wawili na ndoa moja vinangoja jibu lako. Kama ni siri ya kazi, nitaitunza.

Naomba pia radhi kwa ajili ya msumari. Umetoboa karatasi pembeni.

Wako mtiifu,
Cecil


Lindi
6 Oktoba 1955

Ndugu Cecil,

Asante sana kwa barua yako. Katika miaka yangu yote hakuna mtu aliyeniuliza swali zuri kama hili kuhusu kazi yangu, na nimefurahi kujua kwamba picha inatazamwa. Nyingi hazitazamwi.

Wewe na wenzako msinitafutie nyumba ya mtu fulani katika picha ile. Sikuchonga nyumba kama zilivyo. Nilitaka kuchonga uzito wake, namna kijiji kinavyojishikilia juu ya ukingo ule. Kilima chenyewe si wima hivyo, lakini mimi nilikiona wima.

Ama mstari mweupe, sikuuchonga. Ule ni ufa. Dastani alinitafutia ubao wa mti ambao haukuwa umekauka vizuri. Ubao wa namna hiyo hufungwa kwa kitambaa kibichi usiku, ukauke polepole. Niliomba maji ya kulowesha kitambaa. Akina mama wakanitazama kwa upole, wakanieleza kwamba yaliyomo mtungini ni ya kunywa na ya uji wa watoto. Niliona aibu kuomba tena. Baada ya siku chache, upepo na jua vikaupasua ubao tangu juu mpaka chini.

Mwanzoni nilisikitika. Nilipoupaka wino, nikaona kwamba ufa umeifungua picha, nikauacha. Sasa naona ndio sehemu bora.

Nawatakia heri maarusi.

A. Holroyd


Masasi
11 Oktoba 1955

Baba Dominika,

Nakunakilia maneno ya Misi, neno kwa neno, na anayetaka kuuona mwandiko wake na aje Masasi. Nitamkaribisha maji ya kunywa, tunayo.

"Ule ni ufa. Niliomba maji ya kulowesha kitambaa. Wakanieleza kwamba yaliyomo mtungini ni ya kunywa na ya uji wa watoto."

Umesikia? Bomba lako ndilo hilo. Umenitumia picha ya kiu, ukaiita maji. Miezi minne nimeuliza, na aliyenijibu ni ubao.

Na usinitajie Kitangari. Ulijitaja mwenyewe pale: uliposifu mabinti wanaochota bondeni kwao, uliona haya kusema wa kwenu wanachota wapi.

Mpwa wangu alilelewa na mimi tangu dada yangu alipozikwa. Amesoma, anajua kupiga pasi mavazi ya Padri bila kuacha mkunjo, ana sauti ya pili katika kwaya. Sikumlea ili akazeeke shingo kwenye genge lenu la mteremko mkali. Tangazo halitasomwa. Picha nitairudisha Dastani akija. Msumari nitabaki nao.

Cecil


Newala
20 Oktoba 1955

Baba Cuthbert,

Umefurahi? Haya, furahi vizuri, mimi nitakungoja.

Ndiyo. Hakuna maji. Ulitaka niandike, nimeandika. Wakati wa masika tunakinga ya paa, na kwa kuwa paa ni la nyasi yana rangi ya chai, nayo tunashukuru. Yakiisha, wanawake wanashuka genge. Wanakwenda kukiwa na umande, wanarudi jua likiwa limekwisha kuwa kali, na mgeni akija tunampa ya kunywa, hatumpi ya kuoga, naye akiwa na adabu haulizi. Mke wangu Somoe amebeba debe tangu hajavunja ungo. Utosini nywele zimekatika pale inapokaa ngata. Unadhani nilitaka kukuandikia hayo? Mtu anampelekea mkwewe habari za utosi wa mkewe?

Wapimaji walikuja kweli. Vigingi viliwekwa kweli. Mwaka umepita, hakuna mashine, hakuna barua, hakuna hata mtu wa kuja kuviomba vigingi vyake. Nilipoona ule mstari ndani ya picha, sikukudanganya wewe kwanza. Nilianza na mimi. Nilisema, angalau mmoja ameuona mpaka juu.

Vitalis na Nikolao nimewasomea maneno ya Misi. Sasa kila mmoja anasema ile nyumba iliyopasuka ni ya mwenzake.

Dastani hali vizuri. Anafundisha, anarudi, analala. Sitakuomba tena. Mimi nami ni mjomba, nina shingo ngumu.

Ila Somoe amesimama hapa na anataka niandike swali lake, nami namwandikia ili anipishe: Je, huko kwa shemeji Cecil, ambako mke alikwisha kufariki na mwana Cuthbert yuko kwenye mkonge, maji huchotwa na nani?

Filemoni


Masasi
25 Oktoba 1955

Dastani,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nimekukasirikia, nawe uniache nikukasirikie hadi mwisho wa ukurasa.

Nani alikuambia ulete picha? Wewe na wajomba mmekuwa kama watu watatu wanaosukuma baiskeli moja, kila mmoja upande wake. Barua zote nimezisikia, maana mjomba husoma kwa sauti na kuta zetu ni za miti. Bomba, mshono, njia ya uzimani, ufa. Miezi yote hiyo anauliza kama Newala kuna maji, na anayejua yuko jikoni kwake anapika mchicha.

Umesahau kwamba nilifika kwenu na kwaya, mwaka ule wa kipaimara? Mjomba mwenyewe ndiye aliyenipa ruhusa, akanituma korosho. Nililala kwa mama yako Severina. Asubuhi akachukua debe, nami nikachukua, akasema, "Mgeni hashuki." Nikamwambia, "Basi leo si mgeni." Tulishuka. Kupanda tukapumzika pale kwenye mwamba, mimi napumua kama mbuzi, yeye ananicheka. Akaniambia, "Umeona sasa. Ukija kumpenda mwanangu usiseme hukuambiwa." Wakati huo wewe hata jina langu ulikuwa hulijui vizuri.

Kwa hiyo najua. Nilijua kabla hujaniandikia barua ya kwanza, na jibu langu nililitoa nikijua. Hakuna aliyeniuliza, hata wewe.

Tena hiyo picha mimi naipenda. Wanasema Misi amekosea. Hakukosea. Ukiwa katikati ya genge na debe kichwani huwezi kuinua uso, unatazama kwa juu ya macho, na kilima kimekusimamia wima vilevile, nyumba zinakuinamia kana kwamba zitakuangukia, na jua lina meno. Hivyo ndivyo Newala ilivyo ukiwa umebeba. Yeye sijui aliionaje, na alibebewa hata kiti.

Sasa sikiliza masharti yangu. Paa la bati upande mmoja tu, na mfereji, na pipa. Usiniambie habari za mashine. Na siku zisizo na shule utashuka na mimi. Watakucheka. Kama unaona haya kubebea kichwani, bebea begani, au sukuma kwa baiskeli hadi inapokataa. Usiponiandikia kwamba umekubali, basi mjomba ameshinda, nami sitalia.

Kuhusu mjomba, usije kumbembeleza. Ni mtu mwema, ila kisima chetu hapa hajui kiko wapi; anajua tu kwamba mtungi umejaa. Sitagombana naye wala sitanuna. Nitapika, nitapiga pasi, nitasema shikamoo. Kuna jambo moja tu nitakaloliacha.

Msalimie mama.

Ethel


Masasi, Misheni
31 Oktoba 1955

Mjomba mwenzangu Filemoni, Baba Dominika,

Salamu nyingi kwako na kwa nyumba yako yote.

Barua yako ya tarehe 20 ilinifikia, nikaiweka, nikaichukua, nikaiweka tena. Nimeketi mbele ya ile picha siku kadhaa bila miwani, kwa mbali, kama ulivyonishauri, na napenda kukiri kwamba macho yangu yamefunguka. Nyumba zile kweli hazikuanguka. Zimeegemeana, na hiyo ndiyo maana ya ukoo. Jua ni kali, lakini linawaka juu ya wote sawasawa. Ama ufa, nimewaza sana juu ya ufa. Mtu wa haraka ataona ubao umeharibika. Mtu aliyetulia ataona kwamba upande wa kushoto una nyumba na upande wa kulia una nyumba, yaani Masasi na Newala, na kilima bado ni kimoja. Misi mwenyewe amesema ndio sehemu bora, na wewe na mimi ni nani tumpinge?

Nimetafakari pia wajibu wa mjomba. Kumlea binti si kumfungia. Sisi tuliobatizwa na wazee waliobatizwa hatupaswi kutanguliza debe mbele ya upendo. Wala sikuona vema kijana mwalimu akonde kwa sababu ya ubishi wa wazee wawili, mmoja wao akiwa amesoma hadi darasa la pili tu.

Kwa hiyo, kwa moyo mweupe na bila kushurutishwa na mtu yeyote, nakubali posa. Nimekwisha kumwona Padri. Tangazo litasomwa tarehe 6, 13 na 20 Novemba, na ndoa itafungwa Jumamosi tarehe 26, siku moja kabla ya Majilio. Naomba Dastani aweke bati upande mmoja wa paa, na mfereji, na pipa. Ethel amesema yeye anajua habari hiyo. Picha wataondoka nayo. Mwambie Vitalis nimesikia habari za kinyago chake, na kwamba miwani haikuwa miwili.

Mama Dominika mpe shikamoo yangu, ingawa ni mdogo kwangu. Mwambie swali lake nimelipata.

Ndimi mjomba mwenzako katika furaha,
Cecil, mpiga kengele

Nilisahau: kama ipo namna ya kumwomba Padri alitangulize tangazo la kwanza hata kabla ya Jumapili, nijulishe upesi. Ethel hajachota maji tangu Jumatano.